Nyumba ya ukoo Mkomani, Lamu: boriti zinaoza, simiti inabanduka. Tuanzie wapi?

mjukuu_mkomani
Assalaam alaykum wadau. Naomba ushauri wa wanaozijua nyumba za mawe. Yetu ni ya mpango wa kale: daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), kisha vyumba vinavyofuatana: msana wa tini, msana wa yuu, ndani na nyumba kati. Ndani kuna ukuta wa zidaka (vishubaka vya plasta iliyochongwa) uliopakwa rangi ya mafuta. Juu kuna wikio (kivuko juu ya kichochoro) inayotuunganisha na jirani. Ukuta mmoja ulipigwa plasta ya simiti. Sasa inabanduka na kutoa unga mweupe. Boriti nne za msana zimelegea upande wa choo, na juu ya paa kuna tangi la lita 2,000. Baadhi ya warithi wanataka tuvunje paa tumwage zege. Pesa zitapatikana kidogo kidogo. Kipi kitangulie?

fundi_chokaa
Waalaykum salaam. Tangi litangulie, na si la kungoja mwezi ujao. Lita 2,000 ni tani mbili zimekaa pahali pamoja juu ya miti iliyokwisha kulegea. Lishusheni kiwandani, mtie pampu.

Kisha tafuteni maji yanakoingia. Boriti huoza kichwani, pale inapolala ndani ya ukuta, na zenu zimelegea upande wa choo: kagueni bomba, shimo, na kopo la kutolea maji ya paa. Mvua ikinyesha pandeni mtazame yanatuama wapi. Kubadilisha boriti kabla ya kuziba maji ni kuozesha miti mipya.

Huo unga mweupe ni chumvi. Jiwe la matumbawe hufyonza unyevu, na chokaa huuachia utoke. Simiti huuziba, basi unapanda juu zaidi ukutani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Iondoeni kwa patasi na nyundo ndogo. Inapong'ang'ania hata inang'oa uso wa jiwe, iacheni kwanza. Chumvi ifagiliwe kavu kwa brashi. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Ukuta uachwe wazi msimu mzima wa kaskazi ukauke.

Plasta mpya: chokaa kipimo kimoja, mchanga vipimo vitatu. Chokaa iwe imezimwa na kulowekwa wiki kadhaa, ikikaa zaidi ni bora. Mchanga uwe wa shimo, usiwe wa pwani. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka zisizozidi sentimita 1 kila moja, mfunike kwa magunia mabichi angalau wiki. Ikipasuka nyufa nyembamba kama utando, imekauka haraka kwa jua na upepo, au chokaa ilizidi. Niru, yaani chokaa laini ya kumalizia, huja mwisho kabisa.

boriti_za_mkoko
Kuhusu zile nne. Egemezeni kwanza: ubao mnene upite chini ya boriti zote za sehemu hiyo, karibu na ukuta, ubebwe na nguzo zinazosimama juu ya ubao mwingine. Kama chini yake kuna chumba, nacho kiwekwe nguzo, ziwe zimepangana wima mpaka ardhini. Watu husahau hili, mzigo unahamia sakafu ya chini nayo inapasuka.

Toeni moja, rudisheni moja. Katika miti ya mkoko, ukubwa unaoitwa boriti ni kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 13.5, mazio ni membamba, msikubali kuuziwa badala yake. Iwe imenyooka, imemenywa gome, imekaushwa kivulini, na imekatwa kwa kibali cha misitu. Ilale ukutani sentimita 20 hivi, ikazwe kwa vipande vya matumbawe na chokaa. Kichwa kisifungwe kwa simiti kamwe.

Kama kilichooza ni kichwa tu na mti uliobaki ni mzima, kuna njia ya gharama ndogo: mhimili wa mbao ngumu sambamba na ukuta, umeshikwa na mawe yaliyochomozwa ukutani, uzibebe boriti zote nne.

mjukuu_mkomani
Ahsanteni sana. Na zege? Warithi wanasema ndilo litakalodumu, na wengine wanapinga kwa sababu ya uzito.

msanifu_pwani
Hoja ya uzito haina nguvu mnayoidhani. Zege la sentimita 15 ni kama kilo 360 kwa meta ya mraba, na sakafu ya kale ya mawe na chokaa yaweza kuzidi hapo. Ubaya wake ni mwingine. Zege ni gumu: jua likilipiga linatanuka na kusukuma kuta ambazo ndani yake mna udongo na chokaa tu. Boriti nazo zilikuwa zinazishika kuta zisiachane. Mkizitoa zote kwa pamoja mnazifungua. Tena, chuma ndani ya zege karibu na bahari hushika kutu, huvimba, kisha zege hupasuka. Mwambieni kila mrithi hivyo. Vyumba hivyo ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Paa la aina ileile ndilo linalozifaa kuta hizo.

Zidaka naomba mzionee huruma. Plasta ile ilichongwa ikiwa bado mbichi, mistari ya aina hiyo mara nyingi ni ya karne ya 18, na hairudishiki. Msitumie brashi ya waya, moto wala magadi makali. Pigeni picha kila kidaka, mkipe namba, kisha jaribuni pembeni sehemu ya ukubwa wa kiganja kwa kijiti cha mwanzi. Rangi ikitoka na plasta, simameni.

hati_na_mirathi
Kabla ya yote hakikisheni kama nyumba ni wakfu. Ikiwa ni wakfu haigawanywi wala haiuzwi, na mazungumzo ya warithi yanabadilika. Kama ni mirathi, pateni uamuzi wa Kadhi na saini za warithi wote. Mji wa Kale uko katika Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo michoro ipitie ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa pale Lamu na kaunti. Wikio inahitaji ridhaa ya jirani kwa maandishi. Milango ya kuchonga isihamishwe bila kibali.

fundi_chokaa
Nyongeza moja. Juu ya kila ufa mkubwa, gandisheni kipande cha kioo chembamba kwa plasta pande zote mbili, andikeni tarehe. Kioo kikipasuka, ukuta bado unatembea: kazi ya juu isimame mpaka mhandisi aone msingi.