Printa ya mabango inaanza vizuri, kisha siani na majenta zinafifia: je, ni hedi au ni wino kutofika?

Mchapaji_Iringa

Habari za kazi, wakuu. Nina ofisi ndogo ya mabango na stika hapa Iringa, na ninatumia printa ya wino wa eko-solventi yenye upana wa mita 1.6 na hedi moja (kichwa kinachonyunyizia wino) ya aina ya XP600. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa miezi saba haikunisumbua kwa lolote kubwa. Wiki hizi tatu imeanza tabia ambayo siielewi.

Asubuhi nikichapa jaribio la nozeli, yaani mistari ya kuonyesha kama matundu yote ya hedi yanatoa wino, mistari yote hutoka kamili, au hukosekana miwili tu ya nyeusi. Bango lenye maandishi na nafasi kubwa nyeupe hutoka safi mwanzo hadi mwisho. Taabu huja ninapochapa rangi iliyojaa. Lipo bango la buluu la mteja mwenye duka la dawa ambalo nimelirudia mara tatu: mita ya kwanza ni nzuri, halafu siani (wino wa buluu) huanza kupungua na buluu ikaelekea zambarau, na kabla ya mita mbili majenta (wino wa waridi iliyokolea) nayo hufuata, mpaka linabaki kama nguo iliyofuliwa miaka mingi. Njano na nyeusi haziguswi. Nikisimamisha kazi nikaenda kunywa chai, nikirudi baada ya nusu saa jaribio la nozeli hutoka karibu kamili tena, ilhali sijagusa kitu.

Nimesafisha hedi kwa amri ya mashine mara nyingi mno, kiasi kwamba chupa ya wino taka imejaa mara mbili ndani ya wiki moja. Fundi niliyemwita alitazama kwa dakika kumi, akakaza nati za mirija, akasema hedi imekufa na ninunue nyingine. Kabla sijatoa fedha hizo, naomba mnisaidie kujua kama kweli ni hedi.

Stika_Kwanza

Pole sana, ndugu. Mimi hedi yangu ilipoleta matatizo ya rangi kukatika niliitoa, nikaiweka kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo, ile wanayotumia mafundi wa simu, kwa dakika kumi ndani ya dawa ya kusafishia. Ilirudi ikawa nzuri kwa karibu mwezi mmoja. Jaribu hilo kabla ya kununua mpya.

Bi_Mabango

Mchapaji, usiitoe hedi kwanza, na tafadhali usiipeleke kwenye mashine ya mitetemo. Nozeli za hedi hiyo ziko 1080, safu sita zenye nozeli 180 kila moja, na kila tundu ni jembamba kuliko unywele. Nyuma ya matundu hayo vimo vipande vidogo vinavyosukuma wino kwa umeme, na mitetemo mikali inaweza kuvilegeza. Ndugu yetu hapo juu amesema mwenyewe kwamba yake ilidumu mwezi mmoja.

Tuanze na dalili ulizotuambia, kwa sababu umezieleza vizuri kuliko huyo fundi alivyozitazama. Nozeli iliyozibwa na wino mkavu hukosekana mahali palepale, leo na kesho, iwe umechapa maandishi au rangi iliyojaa, na kuiacha ipumzike huizidishia ukavu. Yako ikipumzika inapona. Hedi iliyokufa haifufuki kwa kikombe cha chai. Ninachokiona mimi ni njaa: hedi inatumia wino kwa kasi kuliko wino unavyoifikia, na ukiipa nafasi, wino hujivuta polepole ukaifikia tena. Ndiyo maana maandishi hayakupi shida, kwa kuwa hayali wino mwingi.

Jambo la pili umelisema bila kulikusudia. Chupa ya wino taka inajaa, maana yake pampu inavuta na kepu, yaani kifuniko ambacho hedi hukalia ikipumzika, inaziba uso wa hedi vya kutosha. Sehemu hizo tuziache. Ila ujue kwamba kama njia ya siani na majenta ni finyu, basi kila ulipobonyeza amri ya kusafisha ulikuwa unamwaga zaidi njano na nyeusi, ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Sasa fuata wino kurudi nyuma, kutoka hedi hadi tanki, kwa bomba la sindano la mililita 10 lililochomekwa kipande kifupi cha mrija laini. Zima mashine kabisa, usogeze hedi, utandike karatasi za kupangusia chini yake na kuzunguka utepe wa nyaya, kwa sababu tone moja likiingia kwenye viunganishi vya utepe huo na mashine ikawashwa, hapo ndipo utanunua hedi kweli, na pengine bodi pia. Chomoa dampa ya siani (kijisanduku chenye chujio kinachopokea wino kabla ya hedi) taratibu kutoka kwenye kipini chake, weka mrija wa bomba la sindano kwenye mdomo wa dampa, uvute polepole sana, kwani ndani ya dampa kuna utando mwembamba ambao ukiunyonya kwa pupa huchanika.

Kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. Wino ukija bila kusita, njia ni nzima na mimi nitakuwa nimekosea. Ukija pamoja na mapovu yasiyokwisha, kuna mahali panapoingiza hewa, na mara nyingi ni oringi, yaani pete ndogo ya kuzuia uvujaji, iliyo chini ya nati inayoshika mrija kwenye dampa. Lakini ukivuta ukahisi bomba linagoma, na ukiliachia linarudi lenyewe, basi kuna kizuizi nyuma ya dampa au ndani yake. Hapo chomoa mrija kwenye dampa, uvute moja kwa moja kutoka kwenye mrija. Wino ukija kwa urahisi, kosa ni la dampa, yaani chujio lake limejaa uchafu. Ukigoma bado, nenda kwenye tanki, legeza kifuniko chake, uvute tena, kisha utuambie ulichokiona.

Fundi_Nakuru

Nakubaliana na Bi Mabango, na ningependa kuongeza machache kutokana na mashine ninazozihudumia huku.

Kabla ya kufungua chochote, chapa mstatili wa siani tupu kwa asilimia 100, upana wote wa mashine, kwanza kwa pasi 4 (hedi ikipita mara nne kukamilisha kila eneo) kisha kwa pasi 8. Ikiwa kwa pasi 8 rangi inavumilia mita nyingi zaidi kabla ya kufifia, una uthibitisho kwamba ni suala la wino kufika, kwa kuwa hapo wino uleule unatumika kwa muda mrefu zaidi. Jaribio hili halichafui mkono.

Nilidhani pia huenda baridi ya Iringa inahusika, maana wino ukipoa huwa mzito na kupita kwa shida. Lakini kama ingekuwa baridi, asubuhi ndiyo ingekuwa mbaya na mchana ukawa afadhali, wala njano na nyeusi zisingesalimika. Kwa hiyo hilo nimeliondoa.

Ambalo sijaliondoa ni wino wenyewe. Je, ulibadilisha muuzaji ukaongezea wino mpya juu ya wa zamani? Wino wa watengenezaji wawili unaweza kugombana ukaganda kama uji mwepesi, na chujio la dampa ndilo linaloupokea kwanza. Changanya kidogo wa zamani na mpya kwenye glasi safi, uache usiku kucha, kisha uinamishe glasi kwenye mwanga na utazame ukuta wake. Ukiona punje au utelezi unaojikunja, umepata mhalifu. Vilevile fungua mnyororo unaobeba mirija uone kama mmoja umebanwa au umejikunja pale unapopinda. Na usishawishike kuinua matanki juu ya meza ili wino ushuke kwa nguvu: urefu wake ulipangwa kiwandani, na ukiuzidisha wino utaanza kudondoka wenyewe usoni mwa hedi na kuchanganya rangi.

Mchapaji_Iringa

Nawashukuru sana. Nimefanya kazi hii jana Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa, na nina mambo ya kueleza.

Nilianza na jaribio la Fundi wa Nakuru. Kwa pasi 4 siani ilianza kufifia kwenye mita 1.2 hivi, kwa pasi 8 ilifika mita 2.5 kabla haijalegea. Wino sijabadilisha muuzaji, na mnyororo niliufungua, mirija yote imelala sawa.

Kisha nikachukua bomba la sindano. Kwenye dampa ya siani lilirudi lenyewe, kama Bi Mabango alivyosema. Nikachomoa mrija, nikavuta kutoka kwenye mrija wenyewe, likarudi tena. Basi nikaenda kwenye matanki, ambayo yapo nyuma ya mashine karibu na ukuta, na ninakiri kwamba huwa siendi huko isipokuwa kuongeza wino. Niliposhika kifuniko cha siani na kukizungusha nusu duara tu, kilitoa pumzi ndefu, fyuuu, na ubavu wa tanki ukaruka nje kwa kishindo kidogo. Ule ubavu uliobonyea nilikuwa nimeuona siku nyingi nikidhani ndivyo lilivyotengenezwa.

Nikapangusa vumbi juu ya kifuniko nikakuta kipande cha solotepu kimebandikwa juu ya kitundu cha hewa. Matanki yote manne yamebandikwa. Kijana wangu wa kazi aliniambia ni yeye, kwamba vumbi la kiangazi lilikuwa linaingia kutoka barabarani naye akaona matundu yako wazi. Nyeusi na njano zilisalimika kwa bahati tu: kifuniko cha nyeusi kina ufa, na cha njano hakikazi sawasawa, hivyo zilikuwa zikipata hewa kwa njia ya kuiba.

Nimebandua solotepu zote. Siani imechapa mita 6 za rangi iliyojaa kwa pasi 4 bila kuyumba. Majenta imekuwa afadhali sana, lakini baada ya mita 3 hivi inakosa nozeli chache, na zinazokosekana hubadilika kila ninapojaribu. Nikivuta kwa bomba la sindano wino unakuja kwa urahisi, ila una mapovu madogo madogo.

Bi_Mabango

Nimecheka peke yangu hapa kaunta, mteja akanitazama. Usimgombeze huyo kijana, aliona vumbi akalitafutia dawa. Sisi wengine hatukuwahi hata kuliona. Tanki lisilopitisha hewa ni kama kibuyu unachokinywea kwa mrija huku umeufumba mdomo wake: utapata mafunda mawili matatu, kisha kibuyu kinaanza kukuvuta wewe. Ukikiacha, hewa hupenya kidogo kidogo kwenye mapengo, nawe ukirudi unadhani kimepona.

Majenta ni habari nyingine. Nozeli zinazohamahama pamoja na mapovu ni hewa, na ninamshuku fundi aliyekaza nati. Fungua nati ya mrija wa majenta pale kwenye dampa, utoe oringi, uitazame kwa kuibana kati ya vidole. Ikiwa imekuwa bapa, ngumu, au ina mkato, itupe, weka mpya inayostahimili solventi, kwa sababu oringi za mpira wa kawaida huvimba. Kata pia milimita 5 za ncha ya mrija kwa wembe mkali, mkato uwe mnyoofu, maana ncha ya zamani imekwishapanuka. Nati uikaze kwa vidole tu mpaka igome, basi. Koleo la nini?

Mchapaji_Iringa

Oringi ilikuwa imekatika upande mmoja, mkato mdogo kama wa kucha. Nimeweka mpya, nimekata ncha ya mrija, nimejaza dampa wino kwa bomba la sindano mpaka mapovu yakaisha, kisha nikaamuru usafishaji mmoja tu. Leo asubuhi nimechapa bango la duka la dawa, mita 4, buluu ni ileile kutoka juu hadi chini, na mteja amelichukua.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Vumbi kweli ni jingi hapa, nalizuiaje bila kuziba hewa? Na ile mistari miwili ya nyeusi bado haipo, mahali palepale, kama ilivyokuwa tangu mwanzo.

Fundi_Nakuru

Kwa vumbi, kata kipande cha sponji jepesi, lile la kichujio cha tanki la samaki linafaa, ukizungushie kwenye kitundu bila kukibana, na ukibadilishe kila baada ya miezi mitatu au kikishika rangi ya udongo. Kifuniko chenye ufa kibadilishe, kwa kuwa uchafu unapita hapo moja kwa moja hadi kwenye wino.

Hiyo mistari miwili ya nyeusi ndiyo nozeli zilizoziba kwa wino mkavu. Jioni ukimaliza kazi, weka matone machache ya dawa ya kusafishia kwenye kepu, rudisha hedi ikae juu yake usiku kucha, na asubuhi fanya usafishaji mmoja. Zikifunguka ni vizuri. Zisipofunguka, kwa pasi 6 au 8 mteja hatauona huo mstari, nami nisingeigusa hedi inayofanya kazi kwa ajili ya nozeli mbili.