Tupeane uzoefu: uliyewahi kununua gari Japan kwa mnada wa mtandaoni, ilikuwaje?

Wakuu habari za muda huu. Naomba hapa tupeane uzoefu wa kununua gari used Japan kwa mtandao, hasa zile za mnada ambazo unaweka dipoziti kwa kampuni, unachagua gari, unawapa bei yako ya mwisho na wao ndio wanaokupigania mnadani, maana sisi wenyewe haturuhusiwi kuingia, lazima uwe mwanachama.

Naanza na yangu. 2019 nilikuwa nimejibana miaka mitatu nikapata hela ya IST. Kila usiku nipo kwenye picha mpaka mke wangu akawa anazijua kwa namba. Nikaipenda moja ya 2005, NCP60, cc 1298, rangi ya fedha, kilomita 78,000, picha 22, inang'aa utadhani imetoka kiwandani juzi. Sikuuliza kitu zaidi ya mwisho bei gani, wakapunguza dola 150 nikajiona nimeshinda. Ikafika Dar baada ya wiki kama sita, nikaitoa, nikaiendesha mpaka nyumbani Mbagala na furaha ambayo hata kuielezea siwezi, mama akaja akakaa siti ya mbele akaiombea dua. Mwezi haujaisha mvua zikaanza nikakuta maji kwenye buti, pale chini inapokaa spea taya. Fundi akatoa zulia akanyamaza kimya, halafu akaniita, kaka njoo uone. Sakafu ya nyuma yote imechomelewa. Ile gari iligongwa nyuma vibaya sana.

Ndio nikaanza kutafuta karatasi ya mnada kwa namba ya chasisi, huduma zipo unalipia wanakutolea. Ikaja: gredi R, yaani iligongwa ikatengenezwa, ubavu wa nyuma XX, yaani umeshabadilishwa, na maelezo ya mkono kibao ya Kijapani. Yaani mkaguzi wa kule mnadani aliandika kila kitu kabla gari haijauzwa. Karatasi ilikuwepo siku zote, mimi sikuiomba na muuzaji hakunipa. Hicho ndicho kinaniuma mpaka leo kuliko hata hela. Picha anapiga anayetaka kukuuzia, ile karatasi imeandikwa na mtu ambaye hakujui na hana haja na hela yako.

Sasa nataka kuiuza ile IST (na mnunuzi nitamwonyesha sakafu, sitamfanyia mtu nilichofanyiwa) niagize Vitz ya 2016, cc 996. Karibuni tuambiane, mazuri na mabaya.

Mdau wa Kimara
Yangu ilikuja salama mkuu, siku 47 toka nilipe TT (kutuma hela kwa benki) mpaka naiwasha bandarini. Raum. Ila redio ya Kijapani FM inaishia 90 kwahiyo stesheni nyingi za huku hazishiki mpaka ufunge kile kidude cha kuongeza masafa. Na jeki na remote havikuwepo, vimepotelea wapi hakuna anayejua. Andika kwenye invoisi vitu vyote unavyotakiwa kupokea, angalau una pa kuanzia kuongea.

Fundi wa Gerezani
Mleta mada pole sana, hizo sakafu za kuchomelea nimeziona nyingi mno. Mimi ni fundi bodi, nimejifunza kusoma hizo karatasi kwa sababu wateja walikuwa wananiletea gari ikishafika nami sina cha kuwasaidia tena, nikaona bora niwasaidie kabla hawajalipa.

Gredi ziko hivi, S na 6 ni kama mpya, 5 na 4.5 nzuri sana, 4 ni gari ya kawaida mwenyewe aliitunza, 3.5 na 3 bodi imechoka ila usishangae injini ikawa safi kabisa, R au RA iligongwa ikatengenezwa, na kuna minada inaandika 0 pale ambapo wengine wanaandika R. Pembeni kuna herufi A mpaka D, hiyo ni hali ya ndani, siti, paa, dashibodi. Halafu kuna mchoro wa gari imefunguliwa kama samaki aliyepasuliwa mgongoni, humo ndio kuna kazi. A ni mkwaruzo, U pamebonyea, W palinyooshwa au kupigwa rangi na mawimbi yanaonekana, S kutu, C kutu iliyokula chuma, X panatakiwa kubadilishwa, XX pameshabadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa, A1 huioni mpaka uinamishe kichwa, A3 unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Kwenye kilomita ukikuta kinyota ujue hawaamini kile kinachosomeka, ukikuta alama ya dola odomita ilibadilishwa na kumbukumbu zipo.

Sasa watu wanasoma gredi tu wanafurahi. Maelezo ya mkono yale ndio roho ya karatasi na simu inatafsiri vibaya sana mwandiko wa mkono, mtafute mtu anayekijua Kijapani hata kwa kumlipa elfu kumi. Humo ndio wanaandika kama gari iliingia maji, kama gia boksi inashtuka, kama chini kuna kutu. Kutu tena, ulizia gari ilikuwa inatumika mkoa gani. Hokkaido na ule upande wa theluji nyingi wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, juu gari inang'aa ila chini mabomba ya breki yameliwa yote.

Na si kila R uikimbie. Kuna mteja wangu alichukua R akijua, iliguswa kona ya mbele, tukasoma pamoja, bei ikawa chini sana, ilipofika tukaipima haijapinda na mpaka leo inakwenda Dodoma na kurudi. Kosa ni kulipia R kwa bei ya gredi 4, ndicho kilichokukuta wewe.

Mdau wa Morogoro
Ongezeni na kuangalia code ya injini, yaani ni injini ya aina gani. Nilichagua Premio kwa sura, kumbe ni ile ya cc 2000 ya D4, 1AZ-FSE, wakati nilikuwa na uwezo wa kuchukua ya 1800 yenye 1ZZ ambayo fundi yeyote anaijua. Mwaka mzima ni kukosa nguvu, kuzima kwenye foleni, kusafisha noso, pampu ya presha, mpaka nikaiuza kwa hasara. Karatasi ya mnada ilikuwa safi kabisa gredi 4.5, sikudanganywa na mtu, ila sikujua ninachonunua.

Dada wa Mwanza
Mimi ni mhasibu na bado nilipigwa na hesabu, nasema ili mwenzangu asipigwe. Kwenye tovuti imeandikwa 2012, nikapiga hesabu ya miaka nikaona ipo kwenye kundi la miaka 8 mpaka 10. Ule ulikuwa mwaka wa usajili wa kwanza. Imetengenezwa 2011 mwishoni, na TRA wanaangalia mwaka wa kutengenezwa. Nikaangukia zaidi ya miaka 10.

Tofauti yake sio ndogo jamani. Kwa cc 1001 mpaka 2000: ushuru wa forodha 25%, juu ya jumla hiyo ushuru wa bidhaa 5%, na juu ya jumla hiyo hiyo uchakavu 15% kwa miaka 8 mpaka 10 au 30% ikizidi 10, halafu VAT 18% juu ya yote. Chukua thamani 100. Chini ya miaka 8 unalipa karibu 55. Miaka 8 mpaka 10 ni 77. Ikizidi 10 ni 99, yaani unanunua gari mara ya pili, na hapo bado tozo ndogondogo, wakala, bandari, plate namba. Na hiyo thamani sio lazima iwe ya invoisi yako, wana thamani zao kwenye mfumo, kikokotoo kipo kwenye tovuti yao bure, ingiza gari yako KABLA hujalipa. Mimi ilibidi nikope kwa dada yangu ndio gari itoke, huku siku za bure zimeisha gharama za kukaa bandarini zinapanda kila nikilala. Niliumwa na kichwa wiki nzima.

Kwa mleta mada cc 996 umechagua vizuri, chini ya 1000 ile 5% haipo. Ila mwaka hakiki kwa namba ya chasisi.

Mdau wa Ruiru
Habari ndugu zangu wa Tanzania. Huku Kenya stori ya umri ni kali zaidi, gari ikipitisha miaka nane toka isajiliwe mara ya kwanza haiingii kabisa, na lazima ikaguliwe kule kule ipate cheti ndio ipande meli. Kwa hivyo wengi tunadhani cheti kikishapatikana mambo yote ni sawa.

Wacha niwaambie kitu kimoja kuhusu mileji. Nilikuwa nataka Axela, tangazo linasema 61,000. Nikaomba nione makaratasi ya usajili ya Japan kabla sijatuma pesa. Jamaa akazunguka siku nne, leo ofisi imefungwa, kesho mtu wa makaratasi hayuko. Mwishowe akatuma. Yote ni Kijapani lakini tarakimu ni tarakimu, wale watu huandika kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi, na hapo ilikuwa zaidi ya 118,000. Nikamuuliza, hakujibu tena hadi wa leo. Usilipe kitu kabla ya kuona hiyo karatasi, hata akikuambia kuna mteja mwingine anaingoja.

Mdau wa Tanga
Nyie mmepata magari angalau. Mimi sikupata.

Mzee wangu alistaafu 2021 akanikabidhi hela nimtafutie gari, akasema wewe mwanangu unajua mambo ya mtandao. Nikakuta tovuti nzuri sana, magari mengi, bei chini kidogo ya wengine, si chini sana hata ukastuka. Invoisi ikaja na nembo. Akaunti ilikuwa ya jina la mtu na benki haikuwa ya Japan, wakaniambia ni tawi lao. Nikatuma dola 2,900. Wiki mbili wanajibu vizuri tu, wakatuma BL (hati ya mzigo wa meli) yenye jina la meli. Nikaenda kuitafuta ile namba ya BL kwenye tovuti ya kampuni ya meli, haipo. Nikapiga simu, haipatikani. Nikarudi benki wakasema hela imeshatolewa upande wa pili.

Baadaye ndio nikajua zile picha walikuwa wamezichukua kwenye tovuti ya kampuni nyingine. Siku hizi mtu akiniuliza namwambia mambo mawili, jina la kwenye invoisi na jina la akaunti yawe ya kampuni moja na benki iwe Japan, na uangalie kama wapo kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji magari nje. Mzee hajawahi kunilaumu hata siku moja. Anapanda daladala kwenda msikitini na akiniona ananiuliza nimekula.

Dada wa Mwanza
Kaka wa Tanga pole sana. Allah amrudishie mzee kwa njia nyingine.

Mdau wa Muscat
Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, huku watu wengi wananunua gari za Marekani kwa Copart na IAAI, minada ya mtandaoni ya kule, gari zilizoharibika ambazo bima imekwisha kuwalipa wenyewe. Usukani kushoto kwahiyo usifikirie kumpelekea ndugu Unguja, lakini somo ni lile lile. Kuna alama wanaweka kuwa gari inawaka na kutembea. Maana yake siku ilipofika yadi iliwaka, ikaingia gia, ikasogea. Basi. Hawakusema itafika kesho.

Binamu yangu alipata Camry ya Florida, mnada wa miezi michache baada ya kimbunga Ian cha 2022, bei tamu, ndani safi imeoshwa inanukia. Ilipofika nikavuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, ule mwisho ambao haufiki mtu kuosha, ukatoka na tope kavu. Umeme wa gari ukaanza kufa kimoja kimoja, leo kioo, kesho mfuko wa hewa unawasha taa. Mtu yeyote akienda kukagua gari iliyotoka mbali na avute ule mkanda.

Mdau wa Leicester
Kwa wanaochukua Uingereza ni rahisi zaidi, chukua plate namba, ingia tovuti ya serikali, historia ya MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka) ni bure, unaona kilomita (ni maili lakini) za kila mwaka na ilifeli nini. Muuzaji akificha plate kwenye picha muombe, akikataa achana naye. Na uliza kama ni Cat S au Cat N, toka Oktoba 2017 hizo ndio alama za gari zilizoharibika, bima ikazihesabu zimekwisha, halafu zikaruhusiwa kurudi barabarani, S ni iliyoharibika mpaka kwenye muundo wenyewe.

Mleta mada
Nimesoma zote, ya Tanga nimeisoma mara mbili. Mkuu Mungu akulipe.

Mrejesho. Nimeandikia kampuni nikawaambia bila karatasi ya mnada silipi hata senti. Vitz niliyokuwa nimeikazia macho karatasi yake ilikuja R, iligongwa mbele. Nimeiacha, na bei waliyokuwa wanataka ni ya gari nzima kabisa. Nikachagua nyingine ya mnada wa USS Tokyo, ule wa Noda unaofanyika Alhamisi, gredi 4, ndani B, A1 mbili na U1 mlango wa nyuma kushoto, kilomita hazina nyota. Nikawapa bei yangu ya mwisho. Kule saa nne asubuhi huku ni saa kumi alfajiri, nikaamka, nikaswali, nikakaa na simu. Kampuni wakaandika kwamba bei imepita yangu, gari moja inapigwa kwa sekunde chache tu imekwisha. Sikuongeza, mke wangu alikuwa ameshaniandikia kikomo kwenye karatasi kikiwa na ushuru ndani yake.

Alhamisi ijayo kuna mbili zinapita. Fundi, karatasi zake nimekutumia inboksi, moja ina mwandiko mrefu chini kulia sijaelewa, naomba unisomee kabla ya Jumatano jioni.