Naombeni ushauri: tumwandikie nini mbunge kuhusu EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji), viongozi wapatikaneje na nani awasimamie

MamaMashine
Habari zenu wakuu. Tuna kikundi cha wenye mashine za kusaga na kukoboa huku Dumila, mbunge ametuambia tumwandikie ukurasa mmoja kabla ya bunge la bajeti tuseme tunataka nini kibadilike kwenye usimamizi wa umeme na maji, na wenzangu kazi ya kuandika wamenipa mimi. Ukisoma risiti ya luku unakuta VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3%, EWURA 1%. Hiyo moja tunailipa wote, mimi mwenye mashine na mama ntilie mwenye friji, lakini uliza kikundini bodi ya EWURA inapatikanaje na ikiharibu nani anaiwajibisha, kimya. Kuna wanaosema niandike tu viongozi watolewe, mimi naona akitoka huyu akaingia mwingine kwa njia ileile tunarudi palepale. Mnaojua haya mambo, nikazie wapi?

Kibatari
Dada yangu, sheria ni Sura ya 414, ilitungwa 2001, mamlaka yenyewe ikaanza kazi 2006. Mwenyekiti wa bodi anateuliwa na Rais, wajumbe wanateuliwa na waziri. Sasa TANESCO, shirika la umeme, ni mali ya serikali asilimia mia, mamlaka za maji nazo za serikali, yaani mwenye timu ndo anamchagua refa. Kazia hapo. Nafasi itangazwe, majina ya walioomba yawekwe wazi, na anayependekezwa aende kuhojiwa na kamati ya bunge kabla hajaapa.

Mzee wa Kihonda
Kuteuliwa ni nusu ya jambo, mwangalie na anavyoondoka. Mwisho wa 2016 TANESCO waliomba kupandisha bei kwa 18.19%, EWURA ikafanya taftishi (kikao cha kusikiliza maoni ya wadau) ikawapa 8.5%, ianze Januari mosi 2017. Haikuanza. Waziri akaisimamisha na siku ya mwaka mpya Rais Magufuli akamtoa Mramba, mkurugenzi mtendaji wa TANESCO, halafu Juni mwaka huohuo mkurugenzi mkuu wa EWURA naye akasimamishwa kazi. Sisemi bei ile ilikuwa sahihi au siyo, ila jiulize anayekaa kile kiti leo atasikiliza hesabu au atasikiliza simu. Andikeni kwamba asitolewe mpaka sababu itajwe hadharani na ziwepo sababu zilizoandikwa kwenye sheria.

Ndezi
Mzee shikamoo, ila hapo napingana na wewe. Bila Rais kuingilia tungelipa ile 8.5%. Mwananchi wa kawaida hana mtetezi mwingine, ukimpa mkurugenzi ulinzi wa namna hiyo atajiona mfalme.

Mzee wa Kihonda
Marahaba. Serikali ikitaka bei iwe chini ina haki hiyo, lakini iweke hela mezani. 2022 mafuta yalipopaa ilitoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi wa Juni, bei kikomo (bei ya juu anayoruhusiwa muuzaji) ikatangazwa na ruzuku ndani yake na kila mtu akajua nani analipa. Ukizuia bei bila kuweka hela, shirika linabaki na deni, nguzo hazibadilishwi, na wa kwanza kukatikiwa umeme ni huyo mwenye mashine Dumila.

WanjaNakuru
Salamu kutoka Kenya. Msikubali mabadiliko ya jina. Mdhibiti wetu wa nishati alikuwa anaitwa ERB, ikaja ERC kwa sheria ya 2006, sasa ni EPRA kwa sheria ya 2019, na bado kila tarehe 14 tunangoja bei ya mafuta tukiwa na maswali yaleyale. Chenye kimetusaidia ni katiba ya 2010, ushirikishwaji wa umma uko kwenye katiba kwa hivyo ukirukwa unaenda kortini. Ombeni kitu mtu wa kawaida anaweza kwenda nacho mahakamani.

Karani Mstaafu
Msisahau hela. Sheria inaruhusu tozo isiyozidi 1% ya mapato ghafi ya mtoa huduma, na EWURA nayo kama taasisi nyingine inapeleka Hazina 15% ya mapato yake ghafi. Kwa hiyo sehemu ya ile asilimia yako inaishia mfuko mkuu badala ya kukagua mita na maji. Halafu lipo Baraza la watumiaji, EWURA CCC, ndo linatakiwa kukusemea kwenye taftishi mbele ya wahasibu na mawakili wa shirika, likiwa halina wataalamu linasema nini? Ombeni lipewe fungu lake la uhakika kutoka kwenye hiyohiyo tozo.

MamaMashine
Asanteni sana, nimewaelewa. @Ndezi hoja yako nimeibeba, mkurugenzi asiwe mfalme, ndo maana naandika aende kujieleza bungeni kila mwaka. Mengine ni matatu: uteuzi upite kamati ya bunge, kuondolewa kuwe na sababu ya wazi, Baraza lipate fungu kwenye tozo. Swali moja, tukishindwa kwenye bei tunakata rufaa wapi?

Kibatari
Baraza la Ushindani, FCT. Ndo linapokea rufaa dhidi ya EWURA, ila lazima uwe na uamuzi wa maandishi mkononi, kwa hiyo ongeza mstari kwamba kila uamuzi wa bei utoke na hesabu zake kwa Kiswahili. Na barua usiishie kwa mbunge, nakala peleka kwa katibu wa kamati ya bunge inayoshughulikia nishati, gonga mhuri wa kikundi na hakikisha wamekusainia kwamba wameipokea.