Ramani ya njia ya kando ya maji haionyeshi pa kutokea, halafu wanasema "inafaa kwa wote"!

Wakuu, nina hasira tangu Jumapili na haziishi.

Nilitaka kumtoa mama akapunge upepo kando ya maji. Ana miaka 71, anatumia kiti mwendo tangu apate kiharusi. Sikukurupuka. Jioni mbili nzima nimesoma maelezo ya wasimamizi wa ile njia: kilomita 6, tambarare, inafaa kwa wote. Kwenye ramani mstari wa buluu umeanzia mwanzo hadi mwisho, haukukatika popote.

Kilomita ya nne, geti lina mnyororo. Kibao cha "matengenezo" kimepauka kwa jua hadi herufi hazisomeki vizuri, kwa hiyo msiniambie limefungwa juzi! Kushoto maji, kulia ukuta unanizidi kimo. Pa kutokea ni ngazi za chuma tu. Nilizihesabu: 22.

Tukageuza. Kule kwenye kipande cha chini tulikopita pakavu, maji yalishaanza kupanda juu ya mbao. Gurudumu dogo la mbele likanasa kwenye mwanya wa mbao mbili. Nasukuma, halitoki. Mama kakumbatia mkoba wake kifuani, hasemi neno. Vijana wawili waliokuwa wanakimbia ndio waliombeba, kiti na yeye ndani yake. Mungu awabariki.

Bustanini ukichoka unakata kona unatokea barabarani. Kando ya maji huna kona ya kukata. Sasa kilomita 6 zinanisaidia nini kama sijui kutoka mteremko mmoja wa kutokea hadi mwingine ni umbali gani?

Na maji nayo hayakuja kwa kushtukiza. Yanajaa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kama dakika 50, na majedwali yake hutolewa mwaka mzima kabla. Jumapili ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvua kabisa, siku ambazo maji hupanda juu kuliko kawaida! Mtu anayesimamia njia ya ufukweni alitakiwa kulijua hilo kuliko mimi. Vipande vya Thames Path, njia ya miguu kando ya mto Thames, magharibi mwa London navyo hufunikwa na maji ya bamvua. Njia kuingia maji silalamikii. Nalalamikia kufichwa.

Jumatatu nikapiga simu. Nikajibiwa ramani "inaonyesha njia kwa ujumla". Kwa ujumla! Mtu wa kiti mwendo hapiti kwa ujumla. Anapita kwenye mteremko wa 1 kwa 12, yaani kimo cha mita 1 kwa kila mita 12 za urefu, au hapiti.

Mnaopanga kwenda wikiendi hii na mzee, mgonjwa au kigari cha mtoto, pigeni kwanza muulize geti lipi limefungwa leo, maji yanajaa saa ngapi, na wapi pana pa kutokea pasipo ngazi. Wakishindwa kujibu, msiende.

Na aliyewahi kuimaliza njia ya namna hii akisukuma kiti mwendo, tafadhali aniambie alitokea wapi. Mama anasema hataki tena, na mimi sijakubali.