Mnaotuuzia udongo mkauita mkaa mbadala, mmelaza watoto wetu bila chakula Kolo

Wakuu, habari za jioni. Nimesubiri siku tatu hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Jumamosi tulitoka Dodoma mjini asubuhi, watu wazima watano na watoto wanne, kwenda Kolo, ukishapita Kondoa kwenye barabara ya Babati. Watoto walikuwa wananisumbua tangu mwaka jana wakaone michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tulale kwenye mahema usiku mmoja, Jumapili turudi. Kuku wawili wa kienyeji na kilo tatu za mbuzi vilikuwa vimekaa kwenye viungo tangu usiku wa kuamkia safari. Jiko langu la kuchomea ni lile dogo la kukunja miguu, linaingia kwenye buti bila shida.

Mkaa nilinunua mjini, ule mbadala wa vitofali, unaotengenezwa kwa maganda na mabua badala ya miti. Duka silitaji. Mifuko miwili ya karatasi, imechapwa vizuri na picha ya mishikaki, imeandikwa: mkaa mbadala, kilo 5, hauna moshi, unawaka kwa saa 4. Shilingi 12,000 kila mmoja. Njiani viroba vya mkaa wa miti vimepangwa kando ya barabara, shemeji yangu akaniambia simama tuchukue kimoja cha akiba. Nikakataa.

Naomba mnielewe kwa nini nilikataa. Mimi nimezaliwa Kondoa. Nimekua nikicheza kwenye makorongo ambayo mtu mzima akiingia humuoni kichwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kama wazee wanavyouita mpaka leo, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye eneo lililoharibika. Mzee wangu alikuwa na ng'ombe. Aliwatoa. Hakuwahi kurudia hali aliyokuwa nayo, ila alikuwa akinionyesha mlima uliokuwa umebaki mwekundu mtupu na kuniambia ona, miti imerudi. Sasa mimi mtoto wake nisimame chini ya milima hiyo hiyo nilipe mtu aliyekata mti? Ndiyo maana nikalipa mara mbili ya bei ya kawaida kwa mkaa mbadala. Sikununua kwa sababu ya picha ya mishikaki.

Saa kumi na mbili unusu jua likazama, upepo wa Julai mnaujua. Nikawasha kwa vijiti vikavu vya mizabibu, vinashika haraka na havina harufu mbaya. Vitofali vikawa vyeupe kwa nje nikadhani tayari. Nikagonga kimoja kwa koleo, ndani cheusi, baridi. Nikapepea kwa kipande cha boksi. Moshi ukatoka, mzito, una harufu ya udongo wa mvua ya kwanza. Nikapepea tena. Shemeji akapokea, akapepea mpaka mkono ukamwishia nguvu. Saa mbili na nusu usiku kuku wana ngozi nyeusi ya moshi, ukichana paja mfupani bado damu. Kuku wa namna hiyo simpi mtoto, hata alie. Wakala mkate na ndizi mbivu wakaenda kulala. Mdogo wa miaka mitano akaniuliza kuku ataiva saa ngapi. Sikuwa na jibu.

Nasema na nyinyi mnaotengeneza na mnaouza, maana inaonekana hamjawahi kupikia jiko dogo porini. Jiko la aina hii tumbo lake halizidi kina cha vidole vinne, na hewa inaingia kwa matundu machache chini. Kitofali kikimeguka kuwa vumbi, vumbi linaziba matundu, hewa inakatika, moto unakufa, hata upepee mpaka asubuhi. Nyumbani ningechochea, ningeongeza, ningemtuma kijana dukani. Kule duka liko mbali na ni usiku. Mtu anayekwenda kulala porini chakula chake chote kiko ndani ya ule mfuko mliofunga nyinyi.

Hilo la chakula ningelimeza. Linalonitoa jasho ni lililofuata. Upepo ulipozidi, jamaa wa hema la jirani, mtu mwema kabisa, akaja kutusaidia. Akasema: liingizeni jiko ndani ya hema, mlangoni hapo, upepo usililemee na watoto wapate joto, si mmeandikiwa hauna moshi? Akanionyesha na maandishi kwenye mfuko. Mke wangu alikuwa ameshanyanyua upande mmoja.

Kinachoua kwenye mkaa si moshi! Ni kaboni monoksaidi, na hiyo haina rangi wala harufu. Inatoka kwenye mkaa wowote unaowaka, wa mti au mbadala, mzuri au mbaya, na inaendelea kutoka hata moto ukiwa umefifia. Unaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi, na aliyelala haamki kujiokoa. Kufungua mlango wa hema kidogo hakusaidii. Nimelijua hilo kwa sababu tu kuna familia tuliyoizika mtaani kwetu zamani, waliingiza jiko chumbani msimu wa baridi. Mfuko wenu una nafasi ya kuchora mishikaki minne na pilipili hoho, mkakosa nafasi ya mstari mmoja: usitumie ndani ya nyumba wala hema.

Nimerudi nyumbani nikavunja kitofali nikakiloweka. Chini ya ndoo kumetuama udongo mwekundu na mchanga. Nikachoma vingine kopo zima kwenye jiko kubwa lenye hewa ya kutosha, nikabaki na karibu nusu kopo la udongo uliookwa. Mkaa mzuri wa mti hubakiza majivu kidogo sana. Mfuko wa pili, ambao sikuufungua, nikauweka kwenye mizani: kilo 3.8. Imeandikwa 5. Nikaupeleka dukani. Nimejibiwa mbele ya wateja: "Kaka, mkaa mbadala ndivyo ulivyo, wewe hujui kuwasha."

Hapana. Mkaa mbadala hauko hivyo, na msiuharibie jina. Unachukua maganda ya karanga, maganda ya alizeti, mabua, vitu ambavyo mkoa huu unavitupa na kuvichoma shambani kila mwaka. Unavichoma kwa hewa kidogo mpaka viwe mkaa, unasaga, unagandisha kwa uji wa muhogo, unakandamiza, unaanika siku kadhaa mpaka ukauke hadi ndani. Udongo kidogo wapo wanaotia ili ushikane. Kidogo! Ukitoka vizuri unachelewa kushika kuliko mkaa wa mti na moto wake si mkali sana, lakini unatulia muda mrefu, na kwa kuku huo ndio moto unaoutaka.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa wa kawaida ifikapo 2034. Wanaoamua kujaribu mkaa mbadala ni watu kama mimi, na nyinyi mnawauzia udongo. Unajua shemeji alisema nini asubuhi? "Safari ijayo tunachukua kiroba." Sikuwa na la kumjibu.

NYONGEZA, kwa mlioandika tangu jana:

Mnaosema beba gesi: mtungi wa kilo 6 ninao, tulichemshia chai asubuhi. Nyama ya kuchoma nataka kwenye makaa.

Aliyesema ningemwagia mafuta ya taa: nyama inanuka mafuta, na ukimwagia juu ya moto ulioanza kushika unajiunguza uso. Mwezi wa saba nyasi zote kavu. Hata majivu tuliyamwagia maji, tukayakoroga, tukamwagia tena kabla ya kuondoka.

Aliyeuliza nitachukua hatua gani: mfuko wa pili ninao, haujafunguliwa, na risiti. Kesho naupeleka Wakala wa Vipimo kwa hizo kilo zilizopungua.

Na kama kuna mtu Dodoma, Kongwa, Mpwapwa au Singida anatengeneza mkaa mbadala wa maganda, yuko tayari kuvunja kitofali mbele yangu na kukiwasha, aniandikie. Mwezi wa nane narudi Kolo na watoto wale wale. Nahitaji kilo 10, na nitakuja na mizani yangu.