Naomba ushauri: dosa, idli na sukari ya asubuhi

Habari zenu wakuu. Nipo Chennai, India, kimasomo, nina kisukari aina ya 2, natumia dawa ya metformin. Asubuhi ya huku ni idli (vikeki laini vya mvuke), dosa (kama chapati nyembamba ya maji) na pongal (wali uliopondeka na choroko) yenye samli, na zote zina mchele. Nikipima baada ya saa mbili, sukari iko juu. Pesarattu, ile dosa ya choroko, angalau hainipandishi sana, na sambar ni mchuzi wa mbaazi na mboga, sina ugomvi nayo. Ila idli kuacha kabisa, jamani, siwezi!

Wenye kisukari mliozoea vyakula hivi, mnakula idli ngapi? Mnaongeza mayai au mtindi? Na dosa ya ulezi inasaidia kweli, au ni maneno ya wauzaji tu?