Gari linavuta kushoto: nianze na alaimenti, matairi au bushi?

Dereva_Mpya
Wakuu salaam. Gari langu linavuta kushoto na mfuko unaruhusu jambo moja tu kwa sasa. Fundi wa kwanza kasema nipige alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu. Wa pili kashika tairi la mbele kushoto, kasema ninunue matairi mawili mapya ya mbele. Wa tatu kalipandisha jeki, kasema bushi (raba za viungo) za mikono ya chini inayoshika magurudumu zimekwisha. Nianze na lipi?

Spana17
Mkuu, hujatuambia kitu. Linavuta lini: ukikanyaga breki, ukikanyaga mafuta, au muda wote? Lilianza ghafla au taratibu? Uliingia shimo? Upepo umepima? Bila hayo kila mtu atakutajia ugonjwa wa gari lake mwenyewe.

Mzee wa Gia
Alaimenti, usizunguke. Gari likivuta, jiometri ya magurudumu imehama. Mimi hupiga kila nikibadili matairi na sijawahi kusumbuka.

Spana17
Mzee, heshima yako, lakini alaimenti kwenye bushi mbovu ni kazi bure. Mashine inapima gari limesimama. Ukiondoka na kukanyaga breki, mkono unarudi nyuma na vipimo vyote vimekufa. Bushi kwanza, alaimenti baadaye. Tena gari nyingi za strati (shokomzoba na springi pamoja) kinachorekebishika mbele ni too tu, yaani magurudumu kuelekea ndani au nje kwa mbele, na too ikikosewa inakula matairi na kupindisha usukani, lakini mara chache ndiyo inayovuta. Kinachovuta ni kemba (gurudumu kuinama ndani au nje kwa juu) na kasta zikitofautiana kushoto na kulia. Kasta ni ule mlalo kama wa uma wa mbele wa baiskeli. Gari hukimbilia upande ambao kasta yake ni ndogo. Hiyo ikihama, mara nyingi kuna kitu kimepinda au kimechoka.

Mama wa Safari
Ndugu yangu, kabla hujanunua chochote soma haya. Langu lilivuta kulia. Nikapiga alaimenti. Siku mbili nzuri, likarudi. Nikarudi palepale, wakapiga tena. Mara ya tatu wakaniuzia kichwa cha tairodi (kiungo cha usukani) ambacho, nilivyokuja kujua, hakikuwa na shida. Miezi yote hiyo nilikuwa nashangaa mafuta yanaisha haraka. Siku moja nimeteremka mlima mrefu, nikasimama, nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Rimu ya mbele kulia ilikuwa ya moto hata mkono haukaribii. Ya kushoto ya kawaida. Kumbe paipu ya mpira ya breki ilikuwa imevimba kwa ndani. Nikikanyaga, mafuta ya breki yanapita kwa nguvu ya mguu; nikiachia, hayarudi. Pedi zinabaki zimebana diski. Fundi aliyeligundua alinyanyua gurudumu, likagoma kuzunguka, akafungua nipo (skrubu ya kutolea mafuta) ya kalipa, kile kinachobana pedi, mafuta yakaruka na gurudumu likawa huru papo hapo. Akasema lingebaki gumu hata baada ya kufungua, angeshuku pistoni ya kalipa au pini zake. Kwa nje paipu ile ilionekana nzima kabisa. Pedi za upande ule zilikuwa zimebaki nyembamba kama karatasi. Nilikuwa nabeba watoto kwenye gari hilo kila siku. Breki kwanza, tafadhali.

Dereva_Mpya
Asanteni. Linavuta muda wote barabara ikiwa nzuri, mwendo ukifika 80 ndiyo zaidi. Shimo sikumbuki. Upepo sijapima. Ila tairi la mbele kushoto nililibadili miezi miwili iliyopita, niliweka la mtumba.

Rimu_14
Hilo ndilo lilikuwa la kusema kwanza! Pima upepo matairi yakiwa ya baridi, yasawazishe, kisha hamisha la kushoto kulia na la kulia kushoto. Mvuto ukihama, ni tairi. Ukibaki palepale, si tairi. Hakuna gharama zaidi ya jasho.

Mzee wa Gia
Tairi la radial halihamishwi upande. Tulifundishwa hivyo.

Rimu_14
Hayo yalikuwa ya zamani, Mzee. Yasiyohamishwa leo ni yale yenye mshale wa mzunguko ubavuni.

Kanyaga Taratibu
Mimi naweka naitrojeni, upepo haupungui ovyo na gari linanyooka.

Spana17
Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Naitrojeni haijawahi kunyoosha gari. Kinachonyoosha ni kipimo kuwa sawa pande zote mbili.

Kanyaga Taratibu
Kwangu nimeona tofauti, siwezi kukataa macho yangu.

Dereva_Mpya
Nimerudi. Upepo kushoto ulikuwa 26, kulia 33. Nimeweka 33 kote, mvuto ukapungua nusu. Nimehamisha matairi: sasa linakwenda kulia, kidogo sana. Lakini nikikanyaga breki kwa nguvu, usukani bado unaruka kushoto.

Rimu_14
Basi tairi la mtumba ni mgonjwa mmojawapo. Lipeleke nyuma.

Spana17
Na huko kwenye breki fundi wa tatu anaweza kuwa sahihi. Bushi ikichoka, gurudumu linarudi nyuma ukibana breki. Ila kuruka kushoto kunaweza pia kuwa kalipa ya kulia haishiki. Usinunue bushi kabla kalipa hazijafunguliwa zote mbili.

Mama wa Safari
Endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Linganisha. Na mpaka ujue, abiria waache nyumbani.

Mzee wa Gia
Mwisho wa yote atapiga alaimenti.

Bonde_na_Mlima
Samahani kuingilia. Langu linavuta kulia nikikanyaga mafuta tu, nikiachia linanyooka. Nalo ni tairi?

Spana17
Injini inazungusha magurudumu ya mbele au ya nyuma? Na shafti zako mbili za kuzungusha magurudumu zina urefu sawa?